Game fupi au ndefu? Kaka yangu alitaka kumaliza ile ndefu kabla hajaondoka

Wakuu, nawasalimu wote, mkubwa kwa mdogo.

Nimeona vile vijana wanabishana hapa. Mmoja anasema game ya kumaliza siku moja ni wizi. Mwingine anasema zile ndefu zimejazwa maji tu, unatembea tembea bure. Nikasema acha na mimi niandike.

Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo Kiswahili changu mkichukue vile kiko. Lakini hii nitawaambia niliiona na macho yangu, na kwa umri wangu sina faida ya kuongeza chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa na chumba cha TV game Homa Bay, karibu na soko. Hakuna mtu alinipa. Nilianza na kubeba mawe ya dhahabu Macalder, nikatoka huko nikauza omena, wale dagaa wa ziwa, huko Karungu, nikanunua TV. Machine ya game niliitoa Migori kwa jamaa mmoja aliyekuwa anavusha bidhaa za border. Watu walinicheka, mwanaume mzima mwenye ndevu anafungua duka la michezo. Niliwaacha wacheke. Wenye kucheka walikuwa wanakuja kucheza.

Machine ilikuja na kaseti mbili.

Moja ilikuwa ya motaboti. Watu wawili, kila mtu na pad yake, mnashindana kwenye mto wenye miamba. Ukigonga mwamba umekufa. Hata ukienda vizuri unafika mwisho kabla chai haijapoa. Imeisha.

Ya pili ilikuwa ya mpiganaji mwenye upanga, anatafuta binti wa mfalme. Hiyo ni ya mtu mmoja. Na ilikuwa ndefu, wakuu, ndefu ya kukasirisha. Unapigana msitu mzima, unafika kwa mlango, unaambiwa rudi ulikotoka ukatafute ufunguo. Unarudi msitu ule ule, majini yale yale, miti ile ile. Ukileta ufunguo, kuna mlango mwingine. Na haikuwa na save. Stima ikipotea, unaanza mwanzo. Na stima ya Homa Bay wakati huo, wenye wanajua wanajua.

Hakuna mtu aliwahi kuimaliza pale kwangu.

(Juzi mjukuu wangu alinionyesha mwisho wake kwa simu. Binti wa mfalme anainama mara moja, majina ya Wajapani yanapita, halafu inarudi mwanzo. Basi.)

Sasa kwenye chumba kulikuwa na sheria moja, na si mimi niliiweka, wateja wenyewe. Ukifa, unapisha. Watu wamesimama nyuma yako, ukigonga tu wanaimba wote, "Umekufa, pisha!" Hata kama wewe ni askari, unatoka kwa kiti.

Nije kwa kaka yangu.

Odhiambo ndiye mkubwa wangu, wa tumbo moja. Mimi nilitoka Macalder, yeye akabaki. Alibaki kwenye mashimo ya dhahabu miaka mingi mpaka bibi yake, shemeji yangu, akahamia Homa Bay sokoni kuuza samaki peke yake. Huyo mama alilea binti yao Akinyi na akampeleka boarding Asumbi. Odhiambo alikuwa anaonekana Krismasi moja, anapotea mbili.

Akarudi mwaka ule akiwa mgonjwa. Kifua. Amekonda mpaka shati linakaa kama limeanikwa. Hospitali walimpa dawa, wakamwambia akae karibu na mji. Hakuna mtu alisema kitu, lakini sisi wote tulijua, na yeye alijua kutushinda.

Shemeji alimpokea. Sitamsifu sana kwa sababu atasoma hii, lakini alimpokea.

Mchana shemeji akiwa sokoni, Odhiambo anakuja kwangu. Anakaa kwa kiti, anashika ile game ya upanga. Siku ya kwanza nilidhani anapitisha wakati. Baadaye nikaona sivyo. Aliniambia, "Omera, hii nitaimaliza." Omera ni ndugu, kwa wasiojua Kijaluo.

Nikamuuliza, "Ya nini, mkubwa?"

Akasema, "Nimalize kitu kimoja."

Na hapa ndipo mambo yetu ya kinyumbani yaliharibu. Kwetu mgonjwa hatajiwi kifo mbele yake. Hata kwa mzaha, hapana. Kwa hivyo Odhiambo akianguka kwenye game, chumba chote kinanyamaza. Makondakta, wavuvi, vijana wa polytechnic, hao hao wanaoimba wenzao watoke, wanaangalia ukuta. Hakuna mtu anasema umekufa. Na kama haujaambiwa umekufa, haupishi. Anaanza tena mwanzo.

Mimi je? Mimi ni mdogo wake. Mdogo haamshi mkubwa kwa kiti.

Tulidhani tunamheshimu. Kumbe tulikuwa tumemfungia huko ndani ya msitu peke yake.

Akinyi akaja midterm. Alikuwa form two, mrefu, mwenye maneno machache. Mama yake akamwambia asishinde nyumbani, aende akae na baba yake. Akaja akakaa kwenye benchi nyuma. Odhiambo akageuka mara moja.

"Umefika."

"Nimefika, Mzee."

Alimwita Mzee. Vile ungemwita mtu yeyote barabarani mwenye mvi. Nilimwona kaka yangu akimeza hilo neno, halafu akarudi kwa TV.

Siku hiyo ikaisha hivyo. Binti anaangalia mgongo wa baba yake, baba anaangalia mlango usiofunguka. Kesho yake vile vile. Niliambia shemeji sokoni, nikasema hawa watu hawaongei. Akaendelea kugeuza samaki zake kwenye mafuta.

"Shemeji," akasema, "huyo alinioa na mimi mwenyewe nangoja aongee mpaka leo. Lakini huyu mtoto atarudi shule. Na akija tena," akatoa samaki mmoja kwenye mafuta. "Fanya kitu, wewe ndiye mwenye TV."

Nifanye nini? Nizime? Nimwambie mkubwa wangu nini? Wakuu, mimi nimebishana na polisi, nimebishana na county council wakitaka kunifungia. Siku hiyo nilirudi dukani nikawasha TV kama kawaida. Midterm ilikuwa inayoyoma.

Siku iliyofuata, Odhiambo alikuwa amefika mbali kuliko siku zote. Stima ilikuwa imeshikilia tangu asubuhi. Chumba kimejaa, watu wameacha hata biashara zao waone huo mwisho. Akafungua mlango mmoja, akafungua wa pili. Akatokea jini mkubwa. Wakapigana. Halafu akaanza kukohoa, ile ya kuinama mpaka chini, na mikono ikaacha pad.

Jini akampiga.

Kimya. Watu wanaangalia ukuta, kama kawaida. Yeye anajipangusa mdomo na leso, anatafuta ile button ya kuanza tena.

Akinyi akasimama kutoka kwenye benchi. Akaja mpaka mbele, akanyoosha mkono.

"Umekufa. Nipishe."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Kondakta mmoja alisema "Yawa," yaani jamani, polepole, akatoka nje kabisa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkemee huyo mtoto.

Odhiambo akamwangalia, akaangalia na ule mkono. Halafu akacheka. Kicheko cha zamani, cha tukiwa vijana Karungu, kabla ya mashimo. Akacheka mpaka akakohoa tena, akashika ubavu.

"Hata aibu hauna," akamwambia.

"Sheria ni sheria," Akinyi akasema. "Nimekaa hapo nyuma siku zote."

Akampa pad. Akasogea kwenye kiti, hakuondoka, alisogea tu, na binti akakaa kando yake. Akinyi akaanza ile game ya upanga na akauawa na jini wa kwanza kabisa, yule ambaye hata mtoto wa nursery anamruka. Sasa chumba ndio kikapata mdomo, watu wakamzomea. Baba yake pia.

Halafu Odhiambo akageuka kwangu. "Omera, toa hii kitu. Hii ni ya mtu mmoja. Weka ya motaboti."

Nikaweka.

Walicheza mpaka nikafunga, wateja wakawaachia viti. Na kesho yake tena. Nilikuwa nawasikia nikiwa mlangoni.

"Kushoto, kushoto! Huoni mwamba?"

"Naona. Ni wewe unanisukuma."

"Nani alikufundisha kuendesha hivyo?"

"Hakuna. Ungekuwa karibu ungenifundisha."

Mashua zote mbili zikagonga. Game ikaisha, na kwa vile iliisha, kulikuwa na nafasi ya kuongea kabla ya nyingine kuanza. Odhiambo akamwambia binti yake kitu ambacho mimi ndugu yake sikuwahi kusikia. Alisema kule chini kila shimo lilikuwa na mtu wa kukuambia dhahabu iko mbele kidogo. Na unaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu wakati iko mbele kidogo. Unasema wiki ijayo. Miaka inaisha hivyo.

Akinyi alimrudishia pad aliyokuwa ameiangusha, akasema, "Tuanze."

Siku ya kurudi shule alipitia kwangu na sanduku lake na uniform. Wakacheza moja tu. Odhiambo akashindwa. Hakuna mtu alifungua mdomo, lakini yeye mwenyewe akaweka pad chini, akaamka, akamwambia mvuvi aliyekuwa anangoja, "Kaa." Akabeba lile sanduku mpaka stage, na alikuwa hana nguvu ya kubeba hata kikombe. Binti alijaribu kumpokonya. Alikataa.

Hakungoja shule zifungwe. Tulimzika Karungu nyumbani.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu kwenye hayo matanga. Nimeona watoto wengi wa watu wa machimbo wakisimama kwa kaburi kama wageni, wanaangalia saa. Gari la kutoka Asumbi lilipofika, Akinyi alianza kulia tangu barabarani, akaingia boma analia, anaita Baba, Baba, mpaka mama wazee wakamshika mikono. Alilia kama mtu aliyefiwa na babake.

Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikasema asante Mungu. Watu walidhani nimechanganyikiwa.

Kwa hivyo mkiniuliza, jibu langu ni fupi. Game ndefu inamweka mtu mmoja kwa kiti na kumwambia bado kidogo. Ile fupi inaisha, unainua kichwa, unaona nani amekaa karibu na wewe. Mwenye maisha marefu mbele yake acheze anayotaka, sitamkataza. Lakini hakuna mtu ana risiti ya hayo maisha.

Mnaoniona mshamba, semeni, ngozi yangu ni ngumu. Lakini ningependa zaidi kusoma kutoka kwa mtu aliyewahi kucheza na mzazi wake, hata kama ni ajua tu, bao letu la Kijaluo, chini ya mti. Mlicheza nini, na nani alishinda?