Mifupa Chini ya Malenge

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo mpaka leo hainitoki akilini. Nilikuwa nimeolewa Saboti miezi michache tu, nimetoka kwetu Naitiri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi sikuona mwisho wa shamba, ila nilimsikia mama mkwe akinong'ona peke yake katikati ya malenge. Nikasogea polepole. Alikuwa amepiga magoti, anafukia kitu. Alipoondoka nilifukua kwa vidole, nikatoa mfupa mweupe, umechomwa, mwepesi kama kijiti. Nikafukua na kwingine: kila shina lilikuwa na mfupa wake.

Sikumwuliza. Nilimweleza jirani kwamba mama mkwe anafanya uchawi, naye akaeleza wenzake wa kanisani. Haikuisha wiki, hakuna aliyegusa chakula cha mama mkwe. Yeye aliendelea kupika, anapakua, anangoja, kisha anawamwagia kuku.

Msimu uliofuata nilifukua mifupa yote nikaitupa chooni. Malenge yakazaa, juu yanang'aa vizuri. Lakini nilipogeuza la kwanza, kitako kilikuwa cheusi, kimelainika, kimebonyea ndani kama jicho lililofumbwa. La pili hivyo hivyo. Niliamini ni laana, na kwamba ni mimi niliyeiamsha.

Mume wangu akamleta afisa wa kilimo. Alipeleka udongo Kitale kupimwa, akarudi akasema una asidi nyingi kwa ajili ya mbolea ya mahindi ya miaka na miaka, tena umekosa kalisiamu, ndiyo maana malenge yanaoza kitako. Akauliza kama kuna kitu tulichokuwa tunaweka zamani.

"Mifupa ya ng'ombe," mama mkwe akajibu. "Naitoa kwa mwenye bucha huko Kibomet. Naichoma, nafukia, naombea shamba. Hata mama yangu alikuwa anafanya hivyo." Afisa akasema kalisiamu imo humo humo kwenye mifupa. Kisha mama mkwe akanitazama mimi. "Si ungeniuliza tu?"

Nilipita mlango kwa mlango nikisema nimemsingizia mama mkwe. Wengine walirudi kula kwake. Wengine hawakurudi, hata alipofariki, siku ya matanga yake waliketi mbali na sufuria.

Kwa hivyo, mwanangu, pima udongo kabla ya kupanda. Ukiwa na asidi, changanya chokaa ya shamba wiki kadhaa mapema, na usiuache ukauke halafu uugharikishe maji. Na ukiona kwa mwenzako jambo la kukutisha, mwendee yeye kwanza, umwulize. Mungu akupe moyo wa kuuliza mapema, na akulinde na maneno yasiyorudishika.