Madoa Meusi kwenye Mkono wa Trela

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea hapa Babati, mimi ni mhandisi. Nilikuja likizo nyumbani Nangara nikakuta mama mmoja kutoka Mutuka amerudisha trela lake la pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili. Mkono wa chuma unaoliunganisha na pawatila ulikuwa umepasuka upande wa juu, pale pale baba alipochomelea. Fundi akishaambiwa kazi yake imeachia, jina limeharibika, na baba hana kitu kingine zaidi ya jina.

Nikafungua kompyuta. Ndiyo kazi yangu: unachora chuma, unakigawa vipande vidogo vidogo, unaweka mzigo, mashine inapiga hesabu ya mkazo kwa kila kipande. Ikaniambia chuma cha juu kinabanwa tu, tena kidogo, hakiwezi kupasuka. Basi mdomo wangu huu usio na breki ukatamka mbele ya mteja, "Baba, chuma hakina shida. Uchomeleaji ndio mbovu."

Baba, ambaye hubishana hata na padre, hakubisha. "Kama umeona hivyo, mama," akaniambia mimi bintiye, akaanza kutengeneza mkono mpya.

Kule kukubali kirahisi kulinikera. Baada ya wiki, mkono ulipokamilika, nikaupaka rangi nyeupe na kuurushia madoa meusi kwa mswaki. Unapiga picha kabla ya mzigo na baada ya mzigo, kompyuta inafuatilia kila doa limesogea kiasi gani, hapo unajua chuma kimevutwa wapi na kimebanwa wapi. Nikapanga magunia ya mahindi sawasawa trela zima. Picha na hesabu zikakubaliana. Nilifurahi kumshinda baba yangu, Mungu anisamehe.

Mama wa Mutuka akaja kuchukua trela lake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatazama magunia yangu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, nani kakufundisha kupakia? Mama mkwe wangu atakaa wapi?"

Kumbe kwao mbele ya trela ni kwa mama mkwe. Anatandikiwa blanketi, anakaa kwa heshima zake, na magunia yote yanasukumwa nyuma. Akayapanga upya mwenyewe, nikapiga picha tena. Lahaula! Trela lilikuwa linaelemea nyuma, na mkono umevutwa kwa nguvu upande wa juu, hasa pale ule wa kwanza ulipopasukia. Nikahamisha mzigo kwenye kompyuta pia, hesabu ikasema kama picha.

Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimebuni mzigo ambao hakuna mtu wa Mutuka anayeupakia, nikamhukumu nao baba yangu. Niliona aibu.

"Baba," nikasema, mama yule akisikia, "uchomeleaji wako haukuwa na kosa. Nilikosea mimi. Naomba unisamehe. Tusogeze ekseli ya magurudumu nyuma, chini ya magunia, mama mkwe aendelee kukaa mbele."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Wiki nzima nachomelea vyuma chakavu nyuma ya nyumba, nione kama mkono wangu unatetemeka," akasema. "Nilishamwambia mama yako nafunga karakana. Nilimwambia, mtoto wetu ameona, basi mimi nimezeeka."