Jicho la Dada Yangu na Fungu la Mawe

Nilifunga safari kwa sababu dada yangu, Mama Masanja, alinipigia simu akisema jicho lake la kulia halioni. Yeye huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kule Rwamgasa, na kipande kilimrukia. "Lini?" nikauliza. "Kabla ya mvua hizi." Hasira zikanipanda pale pale.

Alfajiri niliondoka Shinyanga. Kagongwa abiria walishuka kununua mchele. Mimi sikuwa na hamu ya kitu. Kahama nikabadilisha gari, na kuanzia hapo ikawa vumbi na malori tu.

Rwamgasa niliingia mchana. Msimamizi wa wapondaji alinipokea vizuri, akanipa miwani ya kinga. "Vaa, mgeni, mawe yanaruka."

"Na hawa akina mama?"

"Hawa wamezoea."

Wamezoea! Walikuwa wameketi chini, nyundo mkononi, macho wazi. Dada yangu alikuwa katikati yao, jicho amelifunga kwa kipande cha khanga, anaponda.

"Shikamoo, dada. Twende hospitali sasa hivi."

"Marahaba. Siendi mpaka tugawane. Nikiondoka leo napata duhu, sipati hata jiwe moja."

Ndipo nikaelewa. Pale hawalipwi kwa siku. Wanaponda pamoja, na kazi ikiisha kila mmoja anapewa fungu lake la mawe yenye dhahabu, ndio ujira wake. Anayeondoka kabla ya mgao hapewi kitu, hata akiwa mgonjwa. Nilimwambia msimamizi kwamba huo ni unyama. "Ndiyo utaratibu, bosi," akasema, wala hakupandisha sauti. Nikamshika dada yangu mkono, tukaondoka.

Geita, kesho yake, daktari alilimulika lile jicho, akashusha pumzi. "Mngewahi, tungeliokoa."

Njiani kurudi dada alilifunga tena jicho kwa kile kipande cha khanga. Nikamwambia nilimwondoa kwa kumhurumia.

"Najua, mdogo wangu. Lakini jicho lilishakufa kule kule. Sasa nimekosa na mawe. Watoto watakula nini?"

Nimewasikia wasomi wakisema watu wetu wanapofuka kwa ujinga. Uongo mtupu! Dada yangu alijua jicho linakufa. Alijua, akaendelea kuponda, kwa sababu kuna mtu alipanga achague kati ya jicho lake na ugali wa wanawe.

Amerudi Rwamgasa. Anaponda kwa jicho moja, anasubiri mgao.