Kabari Nne Chini ya Darubini

Fundi wa sakafu waliyemwita Pimamaji alimtambua yule mzee kwa sauti kabla hajamtazama vizuri usoni. Alikuwa amekuja kupima chumba kidogo juu ya paa la nyumba, mkoba wa zana begani, na mzee huyo, mwenye nyumba, akamwambia kutoka nyuma, "Twende kwa mpangilio, tusiruke hatua." Fundi akageuka. Maneno hayo aliyasikia kila Jumanne na Alhamisi kwenye darasa la fizikia, na mara ya mwisho aliyasikia mstarini, mbele ya shule nzima, siku mkoba wake ulipokung'utwa hadharani kutafuta lenzi iliyopotea maabara. Vilidondoka chanuo na nusu ya penseli. Mwalimu akasema basi ameshaificha, na msichana wa kidato cha pili akarudi nyumbani akiwa mwizi.

Miaka thelathini na minne ilikuwa imepita na wizi ule haujamtoka. Nyumbani sukari ikipungua tu, mama yake alisema, "Au imekwenda na lenzi?" Wadogo zake watatu walikua na mzaha huo, wakasoma nao, wakapata kazi za kukaa kitini, na kila wakikutana lazima mmoja autoe. Yeye alikwenda kwa mjomba wake kukoroga saruji. Alijifunza kazi mpaka akawa anaona kwa jicho sakafu iliyoinama kidogo tu, ndiyo asili ya jina lake. Kukosa shule alishakumeza. Kilichomkaa kooni ni mama, ambaye sasa alikuwa mzee, miguu haimsikii, anaishi kwake, anaogeshwa na yeye, anakula mkononi mwake, na bado analala na pochi chini ya mto. Pimamaji alitaka jambo moja tu kabla mama hajafumba macho: amwone yeye kuwa mtu safi.

Na huyu hapa aliyempaka matope, amestaafu, kichwa cheupe, hamtambui hata chembe.

"Chumba cha nini hiki, Mwalimu?" aliuliza, akijitia hamnazo. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kwa hiyo hapakuwa na la kushangaza.

"Cha kutazamia nyota. Paa linasukumwa kwenye reli, linafunguka lote. Darubini inakaa juu ya nguzo hii." Akaipiga kofi nguzo ya zege iliyosimama katikati ya chumba. "Nataka sakafu ya mbao juu ya boriti, na juu ya mbao kitu cha kukanyaga. Hicho ndicho unisaidie kuchagua."

Nitakusaidia mpaka ukome, alijisemea Pimamaji.

Alirudi baada ya siku mbili na sampuli tatu. Akatanguliza kigae cheupe kinachong'aa, kile cha bafuni kwa watu, akakisifia mpaka mate yakamkauka. Mwalimu alikigeuza geuza mkononi.

"Hiki tochi ikikigusa kitanipofusha. Macho yanachukua nusu saa kuzoea giza, fundi. Tena kinakunywa jua mchana kutwa, jioni kinalitema, na hewa ya moto ikipanda mbele ya darubini, nyota zinachezacheza kama ninazitazama juu ya sufuria. Na lenzi ikiniponyoka hapa?"

"Lenzi zina tabia ya kupotea," alisema Pimamaji.

"Itavunjika, siyo kupotea," Mwalimu alimsahihisha, na wala hakushtuka.

Zulia alilikataa bila hata kuliinua. Alisema linafuga vumbi na unyevu, na manyoya yake yangeishia kwenye kioo cha darubini. Ulipofika mpira mnene, ule wa vipande vinavyopachikana, mzee alivua viatu. Akaukanyaga, akarukaruka kidogo, akadondosha funguo zake, nazo zikatua bila kelele. Akacheka kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Huu. Niletee mweusi."

Hapo ufundi ukaishinda chuki. Kabla hajajizuia, Pimamaji alishasema, "Mweusi utakumezea skrubu. Chukua wa kijivu kilichokolea. Haung'ai, na kitu kikidondoka unakiona."

Mwalimu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Una kichwa wewe. Ulisoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili."

"Kwa nini uliacha?"

"Mambo ya nyumbani."

Mzee akatikisa kichwa. "Hasara," alisema. "Hasara kubwa kweli."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Damu ilimchemka Pimamaji mpaka masikio yakavuma, na ndani ya mvumo huo akamsikia mzee akiendelea na somo lake, "Sasa hili ndilo roho ya kazi yote. Mbao zisiiguse nguzo. Acha nafasi ya kidole pande zote, kisha uifunike kwa ukosi wa mpira, kola ya kuizunguka nguzo, unaolala tu. Zikigusa, kila hatua yangu inapanda kwenye nguzo, na darubini ikikuza nyota inaikuza na hatua. Mafundi wengi wanaiziba nafasi hiyo, wanaona aibu kuacha ufa."

"Nimekuelewa, Mwalimu," alijibu Pimamaji, na kwa kweli hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwelewa vile.

Kazi ilichukua siku tatu na ilikuwa safi, maana hakujua kufanya nyingine. Siku ya tatu, Mwalimu aliposhuka kupokea wageni, Pimamaji alichonga kabari nne za mti mgumu, akaifunga nyundo kwa kitambaa isisikike, akazigongea kati ya mbao na nguzo, moja kila upande, mpaka sakafu ikaikumbatia nguzo. Juu akalaza ukosi. Mwalimu aliporudi alipiga magoti, akapapasa mpira, akasema hajawahi kuona mkono kama ule. Pimamaji alishuka ngazi akipiga mluzi. Hata mama yake jioni ile alimuuliza kulikoni.

Kwa miezi miwili alikula raha yake kidogo kidogo. Akitoka kuanua nguo na mbingu ni safi, aliinua uso na kuziambia nyota, "Tetemekeni." Hakuona aibu hata kidogo. Alimwazia mzee ameinama, anafungua hiki, anakaza kile, hana hili wala lile, na usingizi wake ukawa mtamu.

Kisha simu ikaja.

"Fundi, sikuiti kwa lawama," alisema Mwalimu. "Sakafu nimeikagua, haina kasoro. Nataka uje uing'oe tu. Chumba nitakifanya stoo."

Alimkuta amekonda. Ilikuwa saa nne asubuhi, paa limefunguliwa, darubini imefunikwa shuka. Mwalimu aliinua mikono yake miwili mbele ya uso wake.

"Kila ninachokitazama kinatetemeka. Nilidhani ni mashine, nikaifungua mara mbili. Kumbe ni mimi. Daktari wa mishipa nimemwona mara tatu, ananipa vidonge. Mikono imeanza kunisaliti."

Hii ndiyo saa aliyoingoja. Pimamaji aliweka mkoba chini.

"Mwalimu, unamkumbuka msichana wa lenzi?"

Mzee alishusha mikono. "Namkumbuka."

"Ndiye mimi. Leo utakuja nyumbani kwangu, usimame mbele ya mama yangu, umwambie kwa mdomo wako kwamba sikuiba. Ukishamwambia, nami nitakwambia kwa nini nyota zako zinatetemeka."

Mwalimu alikalia ngazi ya darubini. "Lakini mama yako anajua," alisema.

"Anajua nini?"

"Lenzi ilionekana wiki tatu baadaye. Ilikuwa imeviringika nyuma ya kabati. Nilikuja kwenu na barua ya mkuu wa shule, urudi darasani, na mbele ya mstari niombe radhi. Mama yako aliisoma yote pale mlangoni. Akaniambia umekwenda kwa mjomba wako, kazi umeipenda, shule hutaki hata kuisikia."

"Muongo wewe! Na mimi hukuniuliza?"

"Sikukuuliza. Nilikuwa naona aibu kukutazama, nikashukuru kwamba hupo. Hilo ni kosa langu, simtwiki mtu."

Pimamaji alitaka kumtukana, lakini muhula uliofuata ulimrudia wote. Alikuwa amemlilia mama waende shuleni wakaombe, na mama akamjibu kwamba hawezi kusimama mbele ya watu kumtetea mwizi. Ilikuwa baada ya hizo wiki tatu. Ilikuwa baada kabisa.

Alipiga magoti, akaubandua ukosi, akang'oa kabari moja baada ya nyingine na kuzipanga miguuni pa mzee. Mwalimu alizitazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Vidonge vile nimevinywa wiki tano," alisema.

"Na mimi jina la mwizi nimelibeba miaka thelathini na minne. Tazama tangi la maji kule ng'ambo."

Mwalimu alilitoa shuka, akaielekeza darubini, akaweka jicho. Pimamaji akakanyaga sakafu kwa kisigino, mara tatu, kwa nguvu zake zote.

"Limetulia," alisema mzee. Alipogeuka, fundi alishafika chini.

Mama alikuwa amekaa dirishani anaota jua. Pimamaji hakuvua hata viatu.

"Mama, barua ya shule iko wapi?"

Mama hakuuliza barua gani. Hapo ndipo roho ya Pimamaji ilipokatika, kabla ya jibu lenyewe.

"Niliichoma siku ile ile."

"Kwa nini?"

"Baba yenu ameshakufa, mimi kiwandani zamu mbili, mdogo wako wa mwisho hajaanza hata kutembea. Ungerudi shule, wangebaki na nani?"

"Ungeniambia tu nibaki. Ningebaki, mama."

"Ungebaki ukininung'unikia kila siku. Ukiwa mwizi ulibaki umeinamisha kichwa." Mama alilisema bila ukali, kama anaeleza alivyopanga vyombo.

"Na sukari? Na pochi chini ya mto, mpaka leo, ndani ya nyumba yangu?"

"Ikawa mazoea," alisema mama, akageukia dirisha.

Pimamaji alimwogesha jioni ile kama kawaida, akamlisha, akampa dawa zake za usiku. Hasira aliyokuwa nayo juu ya Mwalimu ilikuwa mchezo tu mbele ya hii. Akawapigia wadogo zake, mmoja mmoja, akawaambia Jumapili hakuna udhuru.

Walikuja wote watatu, wamependeza, wakidhani ni ugonjwa. Mama alitaka kulala. Pimamaji akamketisha, akamwambia, "Waambie kama ulivyoniambia mimi." Na mama aliwaambia, macho yake mapajani, lenzi, barua, kiberiti. Mdogo wa mwisho, yule aliyekuwa hajaanza kutembea, ndiye aliyekuwa bingwa wa mzaha ule. Alifunika uso akalia kwa sauti.

"Dada," alisema, "tukufanyie nini?"

"Mchukueni."

Hawakuelewa. Akawarudia taratibu, "Mchukueni mama. Leo. Niliwalea nyie, nikamlea yeye. Sasa nendeni mkakae naye."

Nguo alikuwa ameshazifunga, ziko mlangoni. Walimbeba mama mpaka kwenye gari, na alipokwisha kukaa, mama alichungulia dirishani akauliza, "Na dawa zangu za usiku nani anazijua?"

Watatu wakatazamana. Halafu, kama walivyofanya tangu utoto, wote wakamgeukia dada yao.

"Muulizeni mwenyewe," alisema Pimamaji. "Kuficha anajua, kusahau hajui."

Akaingia ndani, akafunga mlango, akaketi sakafuni na buti zake miguuni. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka kumi na tano, hapakuwa na mtu yeyote nyumbani wa kumngoja apike.