Mchanga wa Mzee Jamhari

Mtu akipooza ulimi, watu wanamhesabu amepooza na akili. Mimi nauza uji wa pilipili mlangoni pa mkahawa wa Mzee Jamhari, hapa Pontianak, Indonesia, na ujinga huo nimeushuhudia hadi roho imenichafuka.

Mzee alichemsha kahawa hapa tangu ujana wake. Kiharusi kikaja, kikachukua ulimi na upande wote wa kulia, kikamwachia mkono wa kushoto na macho. Mkahawa ukashikwa na Herwandi, mume wa binti yake Nurlela. Mzee akawa wa kuketishwa mbele ya tangi la samaki asubuhi hadi jioni, akimtazama jalai wake. Starehe nyingine hakuwa nayo.

Jalai ni samaki wa mtoni, mla nyama, kichwa kama cha nyoka. Haokoti chakula kwa adabu. Anakivamia, anakibugia pamoja na chochote kilichokuwa chini yake. Ndiyo maana mzee, alipokuwa mzima, aliichagua sakafu ya tangi lile kama mtu anayemchagulia mwanawe mke. Chini aliweka matope meusi ya kushika mizizi ya majani, juu akatandaza mchanga laini wa mtoni, alioufikicha vidoleni mpaka akaridhika. Samaki akiubugia, unamtoka mashavuni, na maisha yanaendelea.

Herwandi akaona ni uchafu.

"Maji rangi ya chai, chini tope," alisema. "Wateja wanataka picha za kupendeza. Nimewaletea kitu cha kisasa."

Kitu chenyewe changarawe za buluu na nyeupe, kila moja kama punje ya mbaazi. Akachota mchanga wote, akautupa nyuma ya jiko, akamimina vijiwe vyake. Mzee akaanza kupiga mkono wa kiti, pa, pa, pa, jasho likimtoka.

"Ona mzee alivyofurahi," akasema mteja mmoja. "Anatupigia ngoma."

Wakacheka. Bi Saodah, mke wa mzee, akamfuta mate akamwambia, "Tulia, Baba Nurlela, kitu kizuri hiki."

Nikashindwa kunyamaza. "Hivi mwenye samaki mmemuuliza?"

"Mama Noni," Herwandi akanijibu, "nimuulize kwa lugha gani? Ya kiti?"

Wakacheka tena, vikombe mkononi, wanaume wazima na ndevu zao.

Basi wakaendelea kumtupia jalai kamba wa mtoni kama kawaida yao. Kamba anazama hadi kwenye changarawe, jalai anamrukia. Haikupita juma, samaki akawa amelala pembeni, tumbo gumu, hagusi kitu. Na mzee naye akafunga mdomo. Bi Saodah akimletea kijiko, anageuza uso. Siku ya kwanza tukasema mafua. Siku ya pili Bi Saodah alikuja kulia kwenye sufuria yangu, maana mtu wa hali ile asipokula haendi mbali.

Na Herwandi akasema nini? "Huyo samaki akifa tumpikie baba mchuzi. Si ndio dawa ya wagonjwa?"

Ni kweli, huku kwetu mchuzi wa samaki wa ukoo ule hupewa waliopasuliwa, kidonda kifunge. Lakini huyu alikuwa rafiki wa mzee. Nikaacha mwiko wangu ndani ya uji. Nikaenda nyuma ya jiko nikakusanya mchanga uliotupwa, nikautia kwenye sahani. Sahani nyingine nikatia changarawe. Nikaziweka zote mbili mbele ya mkono wake wa kushoto.

"Chagua wewe, mzee. Tangi lako."

Akaushika mchanga kwanza, akausugua vidoleni kama zamani. Kisha akaokota kijiwe kimoja cha buluu, akamwelekezea samaki, akakitia kijiwe kinywani mwake, akafumba midomo.

Bi Saodah alipiga ukelele. Akamtumbukizia vidole mdomoni, akakitoa.

"Kumbe anaelewa," akasema yule wa ngoma.

Kumbe! Nilimtukana, na siombi radhi. Mtu amewapigia kelele mbele ya macho yenu, mkamchekea, leo mpaka ale jiwe ndipo mumwone ana akili?

Herwandi alizitoa changarawe mwenyewe. Mchanga ukarudi. Baada ya siku kadhaa jalai akatapika vijiwe, na asubuhi moja akamnyakua kamba. Mzee akafungua mdomo, akapokea uji wangu, kijiko kwa kijiko.

Bi Saodah akaweka bakuli chini. Wateja walikuwepo, Herwandi ameshika birika.

"Baba Nurlela," akasema, "ile siku ya changarawe ulikuwa unatukataza? Kama ndiyo, gonga mara moja."

Mzee akagonga kiti mara moja.

Nikaona uso wa Bi Saodah unabadilika, kama anayekumbuka kitu ambacho hakutaka kukikumbuka.

"Na siku tuliyomkabidhi Herwandi funguo za mkahawa, ukapiga kiti hivyo hivyo, tukakushangilia, napo ulikuwa unatukataza?"

Mzee akamtazama mkwewe, kisha akagonga mara moja.