Mgongo Mdogo wa Maji

Sisi wanawake tuliofua nguo kwenye mfereji tuliyajua yale mawimbi kabla mwanangu hajaniambia kwamba yana hesabu yake. Mfereji ulikuwa wa zege, umenyooka kama reli, ukileta maji ambayo pompi ziliyavuta kutoka shimo la shaba liitwalo Mashamba, hapa Kolwezi. Mlinzi wa lango akifungua ghafla, maji yaliinuka mahali pamoja, kama mtu aliyelala kifudifudi chini ya shuka, na ule uvimbe ulikimbia peke yake hadi mwisho, bila povu, bila kuvunjika. Tuliuita mgongo. Aliyeuona wa kwanza alipiga kelele, “Mugongo inakuja!” na kila mtu aliondoa nguo zake. Aliyechelewa alikwenda kuziokota mbali.

Na jambo jingine tulilijua. Mgongo mkubwa hukimbia kuliko mdogo. Mdogo ukitangulia, mkubwa unaufuata, unaukamata, inachanganyika kidogo, halafu mkubwa unatoka mbele na mdogo unabaki nyuma, kila mmoja na mwili wake.

Majina ya wale wanawake ninayo yote, na ya watoto wao, hata yale ya ubatizo tuliyokatazwa kuitana miaka ile ya Zaire. Siandiki hata moja. Wengi waliondoka, na sijui ni nani yuko hai.

Mwanangu alisoma hesabu chuo kikuu, Lubumbashi. Likizo moja alinisaidia kubeba nguo mpaka mfereji, akaona mgongo ukipita, akaangusha mzigo wote kwenye matope.

“Mama, hii inafanyikaka kila siku?”

“Kila siku. Na kila siku weye haunichafuliaka mashuka.”

Alinieleza akiwa amechuchumaa, anachora kwa kijiti. Mawimbi mengi, alisema, yakikutana yanajumlishwa tu, kisha yanaendelea kana kwamba hayakukutana. Lakini kuna hesabu nyingine, ambamo ukubwa wa wimbi unaingia ndani ya mwendo wake wenyewe, na huwezi kulikata vipande na kuvijumlisha. Waliopata jibu la hesabu hiyo walikuta kwamba, baada ya kukutana, mgongo mkubwa unaruka mbele kidogo na mdogo unachelewa kidogo. Ni kama watu wawili waliopishana mlangoni: hakuna aliyeumia, lakini mmoja amesukumwa hatua moja nyuma.

“Hatua moja tu?” nikamwuliza.

“Mama, memwari yangu yote iko mu ile hatua.”

Memwari ni kile kitabu wanachoandika mwisho wa masomo. Bila hicho hakuna diploma.

Mlinzi wa lango alikuwa mzee wa kwetu Sandoa. Nilimsalimu kwa lugha yetu, akakubali kutufungulia Jumamosi asubuhi, mara tatu tu, kwa sababu mkubwa wake alikuwa safarini. Kwanza mgongo mkubwa peke yake. Pili mdogo peke yake. Tatu mdogo, na mkubwa nyuma yake. Mwanangu alisimama juu karibu na lango na saa ya kuazima. Mimi nilisimama chini, kwenye mti wa chuma, ile nguzo iliyosimikwa ukingoni, na beseni na fimbo. Mgongo mkubwa ukifika kwenye mti ule nipige mara mbili, mdogo mara moja. Hata sauti ya beseni alisema inachelewa kumfikia, akaupunguza muda huo kwenye hesabu.

Ili macho yasichoke niliimba polepole wimbo wa kanisa, nikianza pale aliponyanyua kitambaa cheupe kuonyesha kwamba mdogo umetoka. Ulipokuja peke yake, ulinifikia ubeti wa tatu ukiisha.

Ikabaki ile mara ya tatu, ya kukutana. Jirani yangu, mama wa Kasai ambaye nyumba yake iligusana na yetu, alikuwa anafua hapo karibu.

“Ee, mama profesere! Leo banakupa diplome gani?”

“Ya kupita yako.”

“Yangu ya sabuni? Haitapita!”

Tulicheka. Kitambaa kikapanda, nikaanza wimbo. Mgongo mkubwa ukaja mbele, nikapiga mara mbili. Papo hapo ukabeba blanketi ya mtoto wake, naye akalia, “Yoo, kamata, kamata!” Niligeuka, nikaivuta kwa fimbo. Nilipoinua macho, maji kwenye mti yalikuwa sawa. Mgongo mdogo ulikuwa umepita, au ulikuwa bado, sikujua. Ubeti wa tatu ukaisha mdomoni mwangu. Nikapiga mara moja.

Mwanangu akaja mbio, bila viatu.

“Uliiona?”

“Niliona.”

Jioni ile alikaa mezani, akaandika, akafuta. Mgongo mdogo haukuchelewa hata kidogo. Ulifika kama vile haukukutana na kitu. Alirudi Lubumbashi, na profesa wake akamwambia: ama hesabu yako si ya maji haya, ama kuna kosa ndani yake, litafute. Kisha masomo yakafungwa, akarudi nyumbani na makaratasi yake.

Alitafuta kosa miaka miwili. Daftari zilipoisha aliandika nyuma ya mifuko ya karatasi ya unga. Nilimwekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, vikapoa hapo. Mara nyingine alisema peke yake, “Wapi? Iko wapi?” na mimi nimesimama nyuma yake na jibu. Kila siku nilifungua mdomo, kila siku nikamwuliza kama anataka chumvi.

Nilisoma mpaka darasa la pili. Tangu kuzaliwa hakuna mtu aliyehitaji macho yangu kwa kazi ya namna ile. Nilimsikia akiwaambia rafiki zake, “Mwenye kupima ni mama,” nao wakanitazama kwa heshima. Nilitaka waendelee kunitazama hivyo. Huo ndio ukweli, si mzuri.

Halafu ukaja mwaka ule waliposema watu wa Kasai warudi kwao. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa. Baba mkwe wangu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na mtoto huhesabiwa kwa baba. Mwanangu alizaliwa Kolwezi, Kasai hakuijua hata kwa safari. Mimi ni mtu wa Sandoa, mimi sikuguswa. Yeye alikwenda gari la moshi, yaani kituoni, kulala chini pamoja na wengine, wiki na wiki, wakingoja treni. Walitengeneza vibanda kwa milango waliyong'oa kwenye nyumba zao. Jirani yangu alikuwa kibanda cha pili. Kila siku nilileta chakula, na kila siku nilimkuta mwanangu na yale makaratasi ndani ya plastiki.

Siku moja alikuwa amekonda sana, na bado anaandika. Nikakaa.

“Tata,” nikamwita kwa upendo, “siku ile mi sikuona.”

“Haukuona nini?”

“Mugongo mudogo. Nilikuwa nakamata blanketi. Nilipiga kwa sababu wimbo iliisha.”

Hakuinua kichwa. “Ubeti gani?”

“Ya tatu.”

“Sawa na ile ikiwa peke yake.”

“Ndiyo, ile ile.”

Akaziba mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, lakini kicheko kibaya, cha kukauka.

“Miaka mbili, mama. Juu ya nini haukuniambia?”

“Niliogopa utatafuta mwingine.”

“Mwingine wa nini?”

“Wa kupiga beseni.”

Alipekua makaratasi yake mpaka ukurasa wa siku ile. Kisha akasema hajashinda wala hajashindwa, kwamba sasa hatujui, lazima kupima tena. Lakini yeye hakuweza kutoka. Vijana wenye fimbo walikuwa barabarani, wakiwatafuta watu wa Kasai.

“Wende weye. Simama palepale. Muzee anyanyue kitambaa. Imba, na usiache mpaka uione na macho. Utaniambia tu wimbo ilifika wapi.”

Akaazima saa, akaniambia niimbe hapo, apime wimbo wangu. Nikaimba chini chini. Watu wa vibanda wakadhani ni sala, wakaingia na sauti zao, wanaume kwa wanawake. Jirani yangu akapiga makofi.

“Munyamaze!” mwanangu akasema. “Munamuharibu mwendo!”

“Mutoto huyu,” jirani akasema, “anatukataza Mungu juu ya mayi.”

Safari hii alicheka vizuri. Nikarudia peke yangu mara tatu. “Hauchelewe hata kidogo, mama,” akaniambia. “Uko sawa na saa.”

Kesho yake asubuhi na mapema nilikwenda mfereji, ambako sikuwa nimefika tangu mwanangu aende kituoni. Mzee alikuwa ameketi juu ya lango. Ndani ya mfereji kulikuwa na matope makavu yaliyopasuka, na watu walikuwa wameng'oa vipande vya zege kutafuta chuma.

“Mayi?” nikamwuliza.

“Pompi ilikufa, mama. Iko wiki tatu.”

Alinihurumia, akafungua lango hata hivyo. Likalia, hakikutoka kitu.

Njiani kurudi nilitengeneza uongo. Hesabu yake ilitaka mgongo mdogo uchelewe. Basi ningemwambia ulinifikia katikati ya ubeti wa nne. Angefurahi, angeondoka na hatua yake. Halafu nikajiambia hapana, uongo mmoja ulimla miaka miwili. Nilibadili hivyo mara nyingi, kila nilipopumzika.

Nilipofika, treni ilikuwa imeondoka. Milango ilibaki chini, na masufuria.

Barua ilikuja baada ya mvua kuisha, jirani yangu ndiye aliyeandikisha. Homa ilimkamata mwanangu njiani, wakamzika kando ya reli. Barua ilisema pia kwamba kabla ya homa, kila treni iliposimama, mwanangu aliuliza watu kama barua za Kolwezi zinafika Kasai. Barua yangu mimi nilikuwa nayo kichwani, ubeti wa nne, katikati. Mpaka leo sijui kama ningeituma.