Waya wa Ardhi wa Fundi Sudi

Mwezi uliopita, kwenye arusi ya mjukuu wangu, gitaa lilitabiri mvua. Sifanyi mzaha. Vijana wa bendi ndiyo kwanza walikuwa wanaweka nyuzi sawa, mara spika ikakoroma, ikakohoa, na mtangazaji wa redio akatokea humo mzima kabisa, anaeleza mawingu ya kanda ya magharibi. Watu waliangua kicheko mpaka bibi arusi akashika mbavu. Mimi nilikuwa nimeinua kijiko cha pilau. Nilikirudisha kwenye sahani, nikazunguka nyuma ya jukwaa na magoti yangu haya mabovu, nikainama kutafuta waya unaoingia ardhini.

Mwanangu akanifuata. "Mama, umeangusha nini?"

Nikamwambia nimeangusha hereni. Kwenye jambo hili nimezoea kusema uongo. Nina uzoefu nao tangu nikiwa na miaka tisa.

Zama hizo za Mwingereza, mtaa wetu wa Chemchem ulikuwa na bendi moja, bendi ilikuwa na gitaa moja la umeme, na gitaa lilikuwa na sanduku moja la sauti. Sanduku alilitengeneza Fundi Sudi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kwa matumbo ya redio mbili zilizokufa na kasha la chai. Lilikuwa kubwa kama banda la mbuzi, na likipigwa Tabora, watu wenye masikio mazuri walicheza Sikonge. Wanaonijua wanajua kwamba natia chumvi, lakini si nyingi, pishi moja hivi.

Fundi Sudi alikuwa mwembamba, mpole, na alinukia lehemu tangu kofia mpaka makubadhi. Alizungumza na watoto kama anavyozungumza na watu wazima, tena alitusubiri tumalize sentensi. Nilikaa barazani kwake kuliko nilivyokaa kwetu, kwa sababu kwetu kulikuwa na vyombo vya kuosha.

Mwanzoni lile sanduku lilikuwa na ugonjwa wake. Serikali ilikuwa na mlingoti wa simu ya upepo upande wa Boma, basi kila Rashidi, mpiga gitaa wetu, aliponyamazisha nyuzi, sanduku liliendelea lenyewe: ti-ti-tii, ti-tii, kisha Mzungu akazungumza kwa puani. Wengine walitaka kuita shehe, wengine mganga. Fundi hakumwita mtu. Alichomoa waya wa gitaa. Mzungu akafifia, ila hakuondoka. Akaurudisha, Mzungu akarudi na nguvu zake. Akaufupisha ule waya, akauvika karatasi ya bati iliyotoka ndani ya kasha la chai. Mzungu akawa kama anaongea ndani ya blanketi. Akagusa viungo vyote kimoja kimoja kwa kijiti kikavu, akisikiliza kipi kinachakarika, na kilichochakarika akakitia lehemu upya. Mwisho akaunga waya wa shaba kwenye bati la sanduku, akaupitisha dirishani, akaufunga kwenye nondo aliyoichimbia nyuma ya ukumbi wa mtaa, mlimopigwa dansi. Nondo akaimwagia kopo la maji. Mzungu akakatika kama aliyefungiwa mlango.

"Sauti zimejaa hewani, Zai," aliniambia, "kama vumbi la kiangazi. Waya mrefu unazinasa, kama nguo zilizoanikwa zinavyonasa vumbi. Huwezi kuzikataza. Unazionyesha tu njia ya kwenda chini."

Tangu hapo, kila mara kabla ya dansi, alikwenda nyuma ya ukumbi na kopo lake, maana ardhi ya Tabora ikikauka inakauka kweli, na ardhi kavu, alisema, haipokei wageni. Sisi watoto tulimfuata tukiimba, "Fundi anatambikia umeme!" Naye alicheka pamoja nasi.

Kiangazi hicho bibi yangu mzaa mama alikuja kutoka Lusu kukaa kwetu. Bibi alikuwa na hadithi za njia ya misafara kuliko njia yenyewe ilivyokuwa na mawe. Mama yake aliwahi kwenda pwani kwa miguu nyuma ya mume aliyebeba pembe, akarudi na waya za shaba zimemzunguka kuanzia kifundo cha mguu mpaka chini ya goti, na kila mtu kijijini alisikia akija. Bibi alinifundisha kusuka vikuku: unachukua nywele za mkia wa ng'ombe, unazikusanya, halafu unazizungushia waya mwembamba, mzunguko baada ya mzunguko, umebana kama meno. Nywele nilizipata kwa mchinjaji. Waya sikuwa nao.

Salama, binti wa Mzee Mrisho mshona nguo, yeye alikuwa nao. Alivaa vikuku viwili. "Hebu tuone mkono wako, Zai," alikuwa akisema mbele ya wenzetu. "He! Kama wa mvulana."

Basi nikaukumbuka waya wa Fundi. Ulikuwa wa nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja, unang'aa kama asali. Nilijiuliza, waya ambao mwisho wake ni mchangani unamfaa nani? Hauwashi taa, haupigi gitaa, unazikwa tu. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, nilichukua koleo la Fundi pale barazani, nikazunguka nyuma ya ukumbi, nikakata kipande cha urefu wa mkono wangu. Ncha iliyobaki niliichomeka mchangani karibu kabisa na nondo, vizuri, hata mimi mwenyewe ningedanganyika. Koleo nikalirudisha. Kufikia Jumamosi nilikuwa na kikuku cha kumfanya Salama aumwe tumbo.

Jumapili alasiri kulikuwa na arusi ukumbini. Nilimwona Fundi akienda na kopo lake nyuma ya ukumbi. Nikamfuata, lakini safari hii sikuimba. Alimwaga maji taratibu juu ya nondo isiyoungana na kitu, akanitazama, akatabasamu. Ningesema pale pale. Maneno yalikuwa matatu tu, "Fundi, waya nimeukata," na sikuyasema.

Gitaa likapigwa, watu wakacheza. Kisha mjomba wa bwana arusi akasimama kutoa nasaha, Rashidi akashika nyuzi zinyamaze, na ndani ya ule ukimya Mzungu akazungumza. Alizungumza kwa sauti kubwa, kwa puani, kama aliyekaa katikati yetu. Wazee wote waliinuka! Waliovaa kofia walizivua, na askari mmoja mstaafu alipiga saluti mpaka kiti chake kikaanguka. Walidhani Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa Boma, ameingia arusini. Kwa muda mfupi ilikuwa kichekesho kikubwa kuliko vyote nilivyopata kuona.

Lakini ndani ya ukumbi ule ule chama cha kudai uhuru kilikuwa kikifanya mikutano yake, na wiki chache nyuma kijana mmoja alikuwa ameitwa Boma kwa maneno aliyoyasema humo, milango ikiwa imefungwa. Watu walikuwa bado wanajiuliza nani aliyeyapeleka. Mzee Mrisho alisimama, mkanda wa kupimia bado uko shingoni.

"Sanduku linaloweza kusema na sisi," alisema, "linashindwaje kutusikiliza?"

"Mzee Mrisho, hilo ni sanduku la gitaa," Fundi akamjibu.

"Nani kalitengeneza? Wewe! Nani anamwaga maji huko nyuma kila siku kama mganga? Wewe! Huo waya ukishaingia chini unakwenda wapi, Sudi? Unatokea Boma?"

Mmoja akacheka. Wengine hawakucheka.

Fundi alipitia hatua zake zile zile. Alichomoa waya wa gitaa, akaurudisha, akagusa viungo, na Mzungu anasema tu. Akatoka nje, nasi sote nyuma yake. Aliinama akauvuta waya wa ardhi, ukamjia mkononi kama unyasi. Akaitazama ncha yake. Koleo lake lilikuwa na pengo dogo kwenye meno, na kila lilichokikata lilikiachia alama. Alijua. Macho yake yalipita juu ya watoto mmoja mmoja mpaka yakanifikia, nami nikavuta kanga kuufunika mkono. Kisha akamtazama baba yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Baba alikuwa tarishi wa Boma, na kwa kuwa hakuwa na nguo nzuri zaidi, alikwenda arusini na lile koti lake la kaki la kazini, vifungo vya shaba vinameta.

"Nani kaukata?" Mzee Mrisho akauliza.

Nilifungua mdomo.

"Mimi," Fundi akasema. "Niliukata juzi nataka kuubadilisha, nikasahau kuunga."

"Umesahau! Na maji umekuja kumwaga?"

"Nimemwaga."

"Jamani, mmesikia wenyewe."

Fundi akapiga magoti, akaunga waya, na ndani ya ukumbi Mzungu akakatika papo hapo. Hilo ndilo lililommaliza. Kama angehangaika mpaka magharibi, labda wangemwonea huruma. "Si mnaona?" Mzee Mrisho alisema. "Kaona tumeshtuka, kawazimia wenzake wa Boma."

Baada ya siku ile hakuna aliyepeleka redio kwa Fundi Sudi. Wanawake walivuka njia wakipita mbele ya baraza lake. Rashidi alikuja kulichukua sanduku bila kukaa, hata maji hakunywa. Mvua za kwanza zilipoanza, Fundi alifunga vyombo vyake aende Urambo, kwa wakulima wa tumbaku, ambako alisema redio ni nyingi na mafundi hakuna.

Asubuhi ya safari nilikwenda kwake na kikuku nimekifumbata mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama."

Nikafumbua kiganja. Alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga, akakikagua kama anavyokagua kazi ya fundi mwenzake.

"Umekisuka vizuri. Ni nywele za ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Usikivae hapa mtaani. Na usimwambie mtu, hata baba yako, mpaka uwe mkubwa." Akakirudisha kiganjani mwangu, akakifunga kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mimi nilielewa kwamba nimenusurika na fimbo. Niliruka kwa mguu mmoja njia yote mpaka nyumbani.

Miaka mingi baadaye nilijiunga na masomo ya jioni ya ufundi wa umeme, na ile siku mwalimu alipochora ubaoni alama ya waya wa ardhi, nililia hadharani, mwanamke mzima mwenye watoto wanne. Mwalimu alidhani somo limenishinda. Lakini hiyo ilikuwa nusu tu ya kuelewa nilichokifanya. Nusu ya pili nilipewa na baba, alipokwisha kustaafu, siku nilipomweleza yote.

"Zaituni," alisema, "wangejua ni wewe, wasingesema mtoto kachezea waya. Wangesema tarishi wa Boma kamtuma mwanawe. Tusingekaa tena Chemchem."

Akanyanyuka, akaleta mto wake wa zamani, akafumua mshono mmoja. Ndani mlikuwa na kadi ya chama, ya miaka ile ile, imepauka. Kama Boma wangeiona, kazi ingekwisha siku hiyo hiyo.

"Hii aliniletea Sudi," alisema. "Chini ya kofia yake."

Kikuku bado ninacho, kwenye kopo, hakijavaliwa na mtu. Tangu siku ile ya baba nimekwenda Kigoma kwa treni mara sita, na hapa chumvi sitii, ni sita. Kila mara treni ikisimama Urambo wachuuzi wanakuja upande wa stesheni, abiria wote wanajazana dirishani kununua karanga na asali. Ningeweza kumuuliza mmoja wao kama anamkumbuka fundi redio mwembamba, au kama ameacha watoto. Mimi huhamia dirisha la upande wa pili, nikatazama mashamba mpaka treni iondoke.